Waliorudisha Kadi

Tarehe 3 Machi

Kwa Profesa,

Shikamoo yako nimeiweka kabatini. Utaipata siku utakapoistahili. Mimi ni yule karani wa chumba cha kumbukumbu mliyempa jina la Bibi Faili, aliyetunza mafaili ya wagonjwa wako kwa miaka kumi na minne, halafu ukamhamishia stoo ya mashuka akahesabu foronya mpaka akastaafu. Naandika barua kwa sababu maneno ya simu utayakana, na kukana ni kazi uliyoijua vizuri kuliko upasuaji.

Nina mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu. Ana miaka hamsini na minne, anafundisha hisabati shule ya sekondari. Mwezi uliopita walimkuta na saratani ya ini, ile inayoanzia kwenye ini lenyewe, siyo ya kuhamia kutoka kwingine. Tena ini lake lina makovu ya homa ya ini aliyougua ujanani. Limekakamaa, wanasema, kama soli ya kiatu. Mwanafunzi wako mliyemwita Mkono Mwepesi, ambaye sasa ndiye mkuu wa kitengo, amempangia kisu tarehe 28 mwezi huu. Amemwambia hivi, mimi nikiwa nimekaa pale pale: "Mwalimu, katika kila kumi tunaowapasua, sita wako hai baada ya miaka mitano. Hata wenye makovu. Siyo takwimu za kwenye vitabu vya wenzetu, ni za hospitali hii hii, za Profesa mwenyewe."

Mdogo wangu alirudi nyumbani anapiga mluzi. Amekwishamwambia mkuu wa shule kwamba muhula wa tatu atakuwa darasani.

Mimi na wewe tunawajua hao sita. Tunajua wangapi kati yao walikuwa wakitusalimu kutoka chini ya udongo. Mwandikie Mkono Mwepesi ukweli kabla ya tarehe 28. Sitaki kingine kwako, hata pole.

Bibi Faili


Tarehe 7 Machi

Bibi,

Barua yako imefika. Nimefurahi kuona mwandiko wako haujazeeka. Ulimi nao vilevile, hauna kutu.

Nakupa pole ingawa umeikataa, maana mdogo wako hana kosa la kuwa na dada kama wewe. Lakini takwimu, Bibi, si mazungumzo ya msusi na mteja wake. Karani huhesabu karatasi. Kuzielewa ni kazi ya watu wengine. Utafiti ule ulisomwa mbele ya mabingwa mia tatu, na wote walisimama kupiga makofi. Nilitazama ukumbi mzima, sikuona mtu wa stoo ya mashuka.

Na tuulizane, kwa kuwa umeanza wewe. Miaka kumi na saba ulikuwa wapi? Wamepasuliwa dada za watu, waume za watu, wewe unakunja shuka na kunyamaza. Leo kisu kimefika kwenu, ndipo ukweli umekuuma. Huo si uchungu wa ukweli, ni uchungu wa damu. Usinivishe mimi peke yangu joho hili; lina mikono miwili, na mmoja unakutosha wewe.

Mkono Mwepesi ndiye bora niliyepata kumfundisha. Mdogo wako yumo mikononi mwa fundi. Mwambie ale vizuri, alale mapema, na asisikilize wanawake wa mtaani.

Kuhusu afya yangu, ambayo umesahau kuiuliza, sijambo. Nimechoka kidogo tu, ni umri.

Wako,
Profesa


Tarehe 11 Machi

Profesa,

Eti umechoka kidogo.

Yule muuguzi wa zamani wa chumba cha upasuaji, aliyekuwa akikupa mkasi kabla hujauomba, siku hizi ndiye anayekuhudumia kwako, na mimi naye tunakaa ukuta kwa ukuta. Jana ameniletea bakuli la maharage, akakaa, akaniambia. Una ugonjwa ule ule wa mdogo wangu. Ini lako nalo lina makovu, ya sindano iliyokuchoma kazini enzi zile. Uvimbe mmoja, upande wa kulia, ukubwa wa limau. Mkono Mwepesi alikuja kwako mara tatu, nusura apige magoti, akuombe akupasue. Mara tatu ukamfukuza. Ukamwambia umri, eti mzee hachanwi kama gunia.

Umri umeanza lini kuwa kizuizi kwako? Ulimpasua bibi wa miaka themanini na mmoja, ukapigwa naye picha.

Sasa nimekuelewa, na afadhali nisingekuelewa. Nilidhani wewe ni mwongo anayeuamini uongo wake. Watu wa namna hiyo wapo, mtu huwaonea hata huruma. Kumbe unajua. Chakula ulichowapikia watu wote, wewe hukionji.

Wakubwa husahau, kwa hiyo nikukumbushe. Kila mgonjwa wako aliyetoka hospitali alipewa kadi ya njano. Mwenye kadi hapangi foleni. Anaingia moja kwa moja chumba namba sita, yeye na mtu wake mmoja, na dawa anapewa dirisha la pembeni. Kila mwaka kadi irudishwe kwa posta ikiwa na saini ya mgonjwa, nasi tunatuma mpya. Kanuni ya ofisi yangu ilikuwa fupi: kadi ikirudi, mtu yu hai. Nilipiga mhuri hivyo miaka mitano mizima, na hilo ni langu, silikatai. Ni mpumbavu gani alidhani familia itaitupa kadi ya kuruka foleni kwa sababu tu mwenyewe amekufa? Ni sisi. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ile tangu alfajiri na mtoto mgongoni angejua. Lakini sisi hatukuwahi kupanga foleni. Tulikuwa tunapita mlango wa nyuma.

Halafu seremala. Hati ya kukubali upasuaji aliisaini kwa mwandiko wa kupendeza, umelala kama nyasi. Kadi ya kwanza ikaja na alama ya msalaba. Ya pili, herufi nne zilizosimama kama watoto wanaojifunza kutembea. Ya tano, jina zima bila kutetemeka. Nikafunga safari mpaka kwake. Mjane wake alikuwa anasoma elimu ya watu wazima. Seremala alikufa wiki ya tano baada ya kisu chako. Nilipomuuliza akaniambia, "Mama, mtoto wangu ana kifafa. Ile kadi ndiyo miguu yangu."

Nilitumia likizo mbili kuwatafuta wote mia na ishirini na tatu uliosema wako hai. Nikakuletea orodha pamoja na kadi zile tano za seremala na hati yake ya kukubali upasuaji. Ukasema, "Iache mezani." Wiki iliyofuata nilikuwa nahesabu foronya. Najua uliichoma.

Umeniuliza nilikuwa wapi miaka kumi na saba. Nilikuwa mwoga, nina watoto wanne. Nimelijibu. Sasa jibu wewe, na usinijibu mimi, mjibu Mkono Mwepesi. Zimebaki siku kumi na saba.

Bibi Faili


Tarehe 14 Machi

Kijana wangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa, na usimpe katibu wako akufungulie.

Nilikudanganya. Sikukataa kisu chako kwa sababu ya umri. Nilikikataa kwa sababu ninazijua hesabu zangu.

Hizi ndizo za kweli. Niliwapasua watu mia mbili na kumi na wawili. Niliandika kwamba baada ya miaka mitano mia na ishirini na tatu walikuwa hai. Walikuwa arobaini na wanne. Wengine sabini na tisa walikuwa kadi. Ndugu zao walizisaini ili wasipoteze nafasi ya mbele kwenye foleni, na mimi nikawahesabu. Kwa wenye makovu ni mbaya zaidi: tisini niliwapasua, ishirini na saba hawakumaliza mwezi, na baada ya miaka mitano walibaki kumi na mmoja. Kumi na mmoja katika tisini, kijana wangu, na wewe unawaambia watu sita katika kumi.

Utauliza wale ishirini na saba niliwaficha wapi. Unakumbuka nilivyopenda kuwaruhusu wagonjwa mapema? "Mgonjwa hupona haraka kitandani kwake." Ulikuwa unaandika maneno hayo kwenye daftari lako. Nilipoona tumbo linajaa maji na macho yanageuka manjano, niliwapeleka nyumbani wakafe kwa mama zao. Anayefia nyumbani hakuuawa na upasuaji. Ndivyo nilivyoiandika, na hakuna bingwa hata mmoja kati ya wale mia tatu aliyeuliza.

Kuhusu kadi, mwanzoni sikujua. Karani wa kumbukumbu aliniletea orodha wiki tatu kabla ya mkutano. Niliisoma yote. Nilimhamisha yeye badala ya kuhamisha tarakimu, kwa kuwa yeye alikuwa mwepesi zaidi.

Sikukusudia kuua mtu. Nilikusudia kuwa mtu ambaye hospitali nyingine zinamwalika. Nimeishi miaka mingi nikidhani hayo ni mambo mawili tofauti.

Kaka yake huyo karani, au tuseme mdogo wake, mwalimu wa hisabati, yumo kwenye orodha yako ya tarehe 28. Mwondoe, au mwambie hesabu ya kweli achague mwenyewe. Na wengine pia.

Mwalimu wako, ambaye hakustahili jina hilo,
Profesa


Tarehe 16 Machi

Shikamoo Mkuu,

Nimesoma barua yako kwa masikitiko makubwa. Sikusikitikia yaliyomo, nimekusikitikia wewe.

Vipimo vyako vya wiki iliyopita ninavyo mezani. Ini lako limeshaanza kushindwa kuchuja, na sumu inapanda kichwani. Hakuna anayelijua hilo zaidi yako. Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba mgonjwa wa ini akishageuka manjano asisainishwe hati yoyote, kwa sababu hujui tena ni nani anayesaini. Wagonjwa wa aina hii hukiri mambo ya ajabu. Mwaka juzi tulikuwa na mchungaji aliyekiri kwa wauguzi kwamba aliiba treni.

Huyo mama wa kumbukumbu namfahamu. Ana kinyongo cha miaka, na sasa ana mgonjwa pia. Amekukuta huna nguvu, amekujaza maneno. Sikulaumu. Nitazungumza na binti yako kuhusu wageni na barua unazopokea.

Mdogo wake ni mtu mwenye busara na matumaini. Sitamvunja moyo kwa homa ya mtu mwingine. Nimepasua wengi kwa njia yako, na wanaporudi kliniki wananishukuru. Wasiorudi siwezi kuwasemea. Kila daktari ana wasiorudi.

Tarehe 30 tunafungua wodi mpya, na kibao chenye jina lako kimeshachongwa. Kiti cha magurudumu kitakuwa tayari mlangoni. Ukijisikia vizuri, utasema maneno mawili. Ukishindwa, tabasamu linatosha.

Mwanao katika kazi,
Mkono Mwepesi


Tarehe 18 Machi

Bibi,

Nakutumia nakala ya nilichoandika na jibu nililopata. Soma la pili taratibu. Limeandikwa kwa adabu nzuri sana. Nilimfundisha kushona, na ameishona midomo yangu kwa uzi wangu mwenyewe. Sina ninachoweza kusema tena ambacho hakitaitwa sumu kichwani. Nikipiga kelele, ndiyo dalili. Nikinyamaza, watasema nimepona.

"Kila daktari ana wasiorudi." Sentensi hiyo ni yangu. Nilimwambia kwenye korido, alipokuwa bado anavaa koti lililompwaya, akaniangalia kana kwamba nimempa ufunguo wa mbinguni. Ninamdharau kama mtu anavyodharau picha yake aliyopigwa bila kujua.

Sikuichoma orodha yako. Niliiweka kwenye kasha la viatu, chini ya vyeti, pamoja na kadi tano za seremala na hati yake. Usiniulize kwa nini. Labda mwizi naye hupenda kuwa na shahidi ndani ya nyumba. Kila nilipopewa tuzo nilifungua kasha, nikaziangalia, nikafunga, nikaenda kula. Hamu ya chakula haikupungua hata siku moja. Nakuambia hivyo ili usije ukadhani nilikuwa nateseka.

Yule muuguzi jirani yako atakukabidhi kasha pamoja na barua hii. Usimpelekee Mkono Mwepesi. Ataliweka mahali salama, kama mimi. Mpe mdogo wako. Mwili ni wake, na kuhesabu ndiyo kazi yake.

Kuna jambo moja nililoandika tarehe 7 ambalo nalifuta. Joho lile halina mkono wako. Ulikuja ukasema, nikakupeleka stoo. Aliyekunyamazisha hawezi kukudai kelele.

Kama kuna siku utaweza kunisamehe, nijulishe mapema. Sina siku nyingi.

Profesa


Tarehe 25 Machi

Profesa,

Nianze na hilo la mwisho ili usisome kwa tamaa: hapana. Nimejaribu, nimeshindwa, na sijioni mwenye dhambi. Mtu aliyeona orodha yangu akaenda kula, akale tu.

Kasha nililipokea. Nilimpa mdogo wangu Jumatano jioni.  Alichukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, akapitia majina yote mia na ishirini na tatu, mstari kwa mstari, mke wake akimletea chai inapoa anairudisha. Alipomaliza akaniuliza, "Dada, haya ulizunguka peke yako?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na mimi mwaka ule nilikununia kwamba hukuja kwenye mahafali yangu." Basi, akaenda kulala.

Jana tulikwenda kliniki wote watatu, yeye, mke wake na mimi. Nakuandikia ilivyokuwa, maana najua ungependa kuwapo.

Mkono Mwepesi alianza na maneno yake ya siku zote. Mdogo wangu akamwacha amalize, halafu akamuuliza kama anavyowauliza watoto wa kidato cha pili: "Daktari, sita katika kumi ya wangapi?"

"Mia mbili na kumi na wawili."

"Na wenye ini la makovu kama langu?"

"Tisini."

"Miaka mitano baadaye, wangapi kati ya hao tisini waliingia kwenye mlango huu kwa miguu yao, mtu wa hospitali akawaona kwa macho?"

"Mwalimu, ufuatiliaji ulifanywa kwa kadi."

"Sikuuliza kadi. Nimeuliza miguu."

 Mdogo wangu akasema, "Mwanafunzi wangu akinipa jibu bila kuonyesha njia, nampa sifuri hata kama jibu ni sahihi. Wewe huna njia, na jibu lenyewe si sahihi." Akaweka orodha mezani, akazipanga kadi za seremala juu yake, ya kwanza mpaka ya tano, na pembeni hati ya upasuaji yenye saini halisi ya seremala.

Mkono Mwepesi aliivuta orodha karibu. Akasema, "Huu ni mwandiko wa karani." Nikamwambia, "Ndiye huyu. Shikamoo sitaki." Akazigeuza kadi moja moja. Nilikuwa nimejiandaa aseme ni za kughushi. Hakusema. Wala hakuuliza kama ni kweli. Unajua alichouliza, Profesa? Aliuliza nani mwingine anajua.

Mke wa mdogo wangu, mpole yule ambaye miaka ishirini na sita sijamsikia akipandisha sauti, akamwambia, "Mimi najua. Na mimi ni mwanakwaya, tuko arobaini."

Ndipo akazungumza kama daktari. Kwa ini kama lile, alisema, njia nyingine ni kupitisha mrija kwenye paja na kuziba mshipa unaoulisha uvimbe. Hakuponyeshi. Huenda kukakupa mwaka, huenda miwili, huenda usipate hata huo. Mdogo wangu akamuuliza anatoa wapi hesabu hiyo. Akamwonyesha majina ya wagonjwa wake mwenyewe, kumi na tisa, waliokufa na tarehe zao. Mdogo wangu akasema, "Hiyo ina njia. Naichukua."

Kwa hiyo tarehe 28 hakuna kisu. Wagonjwa wengine wawili wa wiki hiyo nao wameambiwa warudi nyumbani wasubiri. Sijui ni uungwana au ni woga wa wanakwaya. Sherehe ya kibao iko pale pale.

Mdogo wangu hapigi mluzi tena. Amemrudia mkuu wa shule kumwambia muhula wa tatu atafute mtu. Usidhani nakushukuru, matumaini aliyonyang'anywa yalikuwa ya wizi, lakini aliyekuwa anayavaa ni yeye.

Ana ombi. Nilimkataza, hakusikia, ni mbishi kama baba. Anasema wewe uko mbele yake kwenye njia hiyo hiyo, kwa miezi kama mitatu. Anataka umwandikie ilivyo, hatua kwa hatua; maswali yake nimeyaorodhesha nyuma ya karatasi hii. Anasema, "Huyo mzee hajawahi kuandika matokeo ya kweli ya mgonjwa hata mmoja. Mwambie aanze na yeye mwenyewe."

Hayo ni maneno yake. Mimi sina langu.

Bibi Faili


Tarehe 2 Aprili

Mwalimu,

Salaam. Nimeandika barua hii kwa siku tatu, asubuhi tu, kwa kuwa mchana maneno hunikimbia. Kila ukurasa nimemsomea muuguzi anayenihudumia, naye kasema unaeleweka. Nilipochanganyikiwa amepiga mstari. Nimeviacha vistari hivyo makusudi, uvione.

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka sabini na tisa. Uvimbe mmoja, ini lenye makovu, hakupasuliwa, hakuzibwa mshipa. Huu ni mwezi wa sita tangu ajue.

Mwezi wa kwanza na wa pili hakuwa na kitu. Alijiona mjanja. Wa tatu alianza kuchoka, uchovu ambao usingizi haugusi. Ukikufikia, acha kuulizana nao, kaa tu. Wa nne nyama ilianza kumnukia vibaya, suruali zikamlegea kiunoni ilhali tumbo linakua. Maji ya tumboni hutolewa kwa sindano, na nafuu yake hudumu kama wiki mbili. Chumvi iache sasa, usingoje. Wa tano ngozi iliwasha, hasa viganja na nyayo. Kata kucha. Madaktari wataliona dogo. Mimi niliwaambia wagonjwa wangu ni dogo. Si dogo.

Wa sita, usingizi hugeuka. Mchana unasinzia katikati ya sentensi, usiku macho makavu. Hiyo ndiyo dalili ya kichwa. Jambo lolote unalotaka kulisaini, lisaini kabla yake. Binti yangu amechukua kadi za benki na funguo, na alifanya vizuri. Juzi nilimwita kwa jina la mama yake. Aliitika.

Tarehe 30 walinipeleka. Kibao kipo, cha shaba, herufi zimechongwa vizuri. Walinipa kipaza sauti. Nilizisema hesabu: mia mbili na kumi na wawili, arobaini na wanne, tisini, kumi na mmoja. Mkono Mwepesi aliinama akasema kwenye kipaza sauti kwamba Mkuu amechoka, na watu wakapiga makofi kwa upendo mkubwa. Sijawahi kudharau makofi kama siku ile, na nimepigiwa mengi. Msimamizi wa wauguzi peke yake hakupiga. Alikuwa anaandika kwenye kiganja chake.

Nikuambie na hili, ili nisikudanganye kwa upande wa pili. Huenda ungekuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Walikuwapo, mmoja alikuwa na ini baya kuliko lako, na nilimwona akibeba mjukuu. Sitakuambia kwamba umechagua vizuri. Umechagua ukiwa unajua, na hicho ndicho nilichowanyima wote mia mbili na kumi na wawili, pamoja na waliopona.

Dada yako ameorodhesha maswali yako yote. Kuna moja hukuliuliza, nalo ndilo kila mtu anataka kujua: inauma kiasi gani.

Miaka ishirini na saba niliwaambia wagonjwa kwamba asiyepasuliwa hufa akilia kama mnyama mtegoni. Nilikuwa nawaambia hivyo wakiwa wameshika kalamu na hati iko mbele yao, kwa kuwa woga husaini haraka kuliko matumaini. Sikuwahi kufuatilia hata mmoja kuona kama ni kweli.

Mimi sijapasuliwa. Inauma mahali pamoja, chini ya mbavu za kulia, na wakati mwingine kwenye bega. Inauma kama jino bovu la mtu mwenye subira. Dawa ya maji huituliza kiasi cha kusoma gazeti. Sijalia. Si ushujaa, mimi si mtu wa namna hiyo. Haijafika huko tu.

Ikifika, nimemwagiza muuguzi akuandikie siku hiyo hiyo, bila kupunguza neno. Usipopata barua, ujue maumivu hayakufika huko.

Mgonjwa mwenzako